Baiskeli ya kuegemea: acha mchanga wa kwako uchague

Msomaji wetu kutoka Msabaha anauliza: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Malindi, umri wangu miaka 46. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 11 na nusu, na moja na nusu ya hizo ni mchanga mtupu kabla sijaifikia lami. Nimenyonga baiskeli tangu utotoni, lakini mwaka huu viganja vinakufa ganzi na shingo inakaza. Daktari hakunikataza baiskeli, amenikataza kuinama juu ya usukani. Sasa kuna mzungu wa Casuarina anahama, anauza baiskeli mbili za kuegemea, zile za kukaa kama umejilaza na miguu ikinyonga mbele. Moja ni ya tairi mbili, ya nyuma kubwa na ya mbele ndogo. Nyingine ni ya tairi tatu ndogo, mbili mbele na moja nyuma. Fundi mmoja wa jua kali naye ananiambia nisitupe pesa, atanichomea moja ndefu kwa mabomba. Mimi si mtu wa mbio. Nabeba madaftari, navaa buibui, na Jumapili napenda kwenda Watamu. Nichukue ipi? Na je, naweza kumbeba binti yangu wa miaka 6?"

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kwamba umenitajia mchanga. Karibu kila anayenijia kwa habari ya baiskeli hizi huanza na mwendo: inakimbia vipi, itaipita boda au haitaipita. Wewe umeanza na njia, na njia ndiyo inayochagua. Miaka yote niliyokaa na baiskeli hizi karakanani, nyingi zikiwa za wageni wanaoishi hapa pwani, sijaona mtu aliyejuta kwa kuwa yake ni nzito kidogo au ya polepole kidogo. Waliojuta ni wale walioijaribu jioni kwenye lami ya Casuarina, wakalipa, kisha wakaipeleka kwao. Zile kilomita zako 10 za lami hazitakushinda kwa chombo chochote kati ya hivyo vitatu. Ile moja na nusu ya mchanga ndiyo itakayoamua kama utaipanda kila siku au utaiegesha ukutani mpaka kuku waitagie.

Kwanza ujue mwili wako unabadilishiwa nini. Kwenye baiskeli uliyoizoea, ukiona shimo unainuka kidogo kitini na magoti yanameza lile pigo. Ukipanda mlima unasimama juu ya pedali, uzito wako wote unakusaidia. Kwenye ya kuegemea hakuna kuinuka wala kusimama. Shimo usiloliona linakupiga mgongoni moja kwa moja, na mlima unapandwa kwa gia nyepesi, miguu ikizunguka upesi upesi. Mwenye kuzoea kusukuma kwa nguvu hugotesha mgongo kwenye kiti na kusukuma vilevile, halafu baada ya mwezi ananijia analalamika magoti. Gia nyepesi, mwalimu, tangu siku ya kwanza. Misuli inayofanya kazi hapa si ile ile uliyoizoeza tangu utotoni, kwa hiyo wiki kadhaa za mwanzo utakuwa mzito kuliko ulivyo sasa. Usikate tamaa, miguu hujifunza.

Unachopata badala yake ndicho alichokitaka daktari wako. Ganzi ya viganja mara nyingi hutokana na uzito wa kifua kuegemea mikono, ukaubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja. Ukiwa umeegemea, uzito wote unabebwa na mgongo na makalio, mikono inashika usukani tu bila kubeba chochote. Shingo nayo hailazimiki kujikunja juu ili macho yaone mbele. Ila hapa pana tahadhari: kiti kikilala mno, shingo hiyo hiyo inaanza kazi mpya ya kukizuia kichwa kisianguke nyuma. Wa mbio hulaza kiti hadi nyuzi 20 au 25 kutoka ardhini, nao huweka tegemeo la kichwa. Wewe anza na nyuzi 45, na usishuke chini ya 35 kabla hujakaa nayo miezi. Kama kiti cha chombo unachokitazama hakiwezi kusimama kiasi hicho, kiache, hata kama bei ni ya kugawa.

Pengine unajiuliza kwa nini kitu kinachouhurumia mwili hivi hukukiona dukani hata siku moja. Sababu yake ina historia. Mfaransa Charles Mochet aliunda baiskeli ya kuegemea, na tarehe 7 Julai 1933 mwendeshaji Francis Faure akaipanda mjini Paris na kwenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyodumu tangu 1914. Faure hakuhesabiwa miongoni mwa waendeshaji wakubwa wa zama zake, na hilo liliwauma wengi. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na ya kuegemea ikabaki nje. Viwanda hutengeneza kinachoonekana mashindanoni, na duka la Malindi huuza kinachotoka kiwandani. Ndiyo maana nakuomba usiichukulie kama kifaa cha mgonjwa. Iliondolewa uwanjani kwa sababu ilishinda.

Ilishindia upepo, na upepo wewe unao. Njia yako ya asubuhi inaelekea kaskazini, ya jioni inarudi kusini. Msimu wa kusi utasukumwa kwenda kazini, na jioni utarudi upepo ukiwa wa omo, usoni, tena ukiwa umechoka na umesimama darasani kutwa. Msimu wa kaskazi mambo yanageuka, ingawa asubuhi na mapema upepo huwa bado haujaamka vizuri. Aliyekaa wima ni kama tanga lililotweka kinyume. Ukijilaza unakuwa mdogo mbele ya upepo, na hapo ndipo utakapoona tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote. Nimerudi kutoka Gede mwezi wa Januari, kaskazi imekaza, na vijana wa baiskeli za kawaida nilioanza nao walibaki nyuma mbali. Mimi si kijana.

Sasa vyombo vyenyewe. Nianze na hiyo ndefu ya jua kali, kwa sababu najua inavutia mfuko.

Baiskeli ndefu ya kuegemea ni ile ambayo gurudumu la mbele liko mbele ya pedali. Kati ya ekseli na ekseli huwa na sentimita 165 hadi 180, wakati ya kawaida ina kama 100 na kidogo. Imetulia sana barabarani, na kiti chake kiko juu kiasi kwamba unakaa na kuinuka kama kwenye kiti cha mezani. Usukani wake unatoka mbali mbele na kurudi mpaka kifuani. Ukiushika utadhani umeshika kana ya mashua: unausukuma pembeni, huuzungushi. Fundi mzuri wa hapa anaweza kuichomea, wala simdharau, maana kazi hiyo nimeifanya mwenyewe. Nilichukua fremu mbili za blackmamba, zile baiskeli nyeusi nzito za kubebea mizigo, nikazikata na kuziunga. Fremu ilisimama vizuri. Kilichonishinda ni cheni.

Cheni ya baiskeli hizi ni ndefu mara mbili na nusu hadi tatu ya cheni ya kawaida, na njiani lazima ipite kwenye kapi ili isiguse kiti wala gurudumu. Nasema kapi kwa maana ile ile ya kapi la jahazini. Sasa, upande wa juu wa cheni ndio unaovuta, kapi la hapo linabeba nguvu yote ya miguu yako. Upande wa chini unarudi mtupu, kapi lake halibebi kitu. Mimi niliyachonga yote mawili kwa plastiki moja, nikayafunga kwa bolti moja kila moja. La chini lilikaa. La juu, cheni ililichimba mfereji, mfereji ukageuka msumeno, na asubuhi moja nikielekea Ganda likapasuka katikati. Nilirudi nikisukuma. Ukiamua kuchomewa, muulize fundi swali moja tu: kapi la juu umeliwekea nini? Akikujibu kwa beringi na chuma chenye meno, au kapi gumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, endelea kumsikiliza. Akikujibu "tutaona mbele", mshukuru na uondoke.

Lakini hata ikichomwa na fundi bingwa, ndefu haikufai wewe, na sababu ni ule mchanga. Uzito mwingi uko nyuma, gurudumu la mbele ni jepesi. Kwenye mchanga laini linateleza upande kabla hujajua, nawe huna namna ya kuurusha mwili upande wa pili kama ulivyozoea. Na kuikokota ni taabu, haikunjiki kwenye kona. Ningekuwa namjibu mtu wa mjini anayekaa karibu na lami na kwenda sokoni polepole, ningempa hiyo wala nisingesita.

Ile ya tairi mbili ya mzungu ni fupi, pedali ziko mbele ya gurudumu la mbele, juu kidogo. Hiki ndicho chombo ninachokipenda mwenyewe. Ni chepesi, kinapenya upepo kama mshale, na kwenda Watamu Jumapili, pale unapokata kushoto Gede, ungekifurahia mno. Shida yake ni kuanza na kusimama. Miguu iko juu, lazima uupeleke wa kwanza kwenye pedali, usukume, na wa pili uufuate wakati baiskeli tayari inakwenda. Ukisimama na gia nzito, huondoki. Iliwahi kunitokea baada ya kuvuka Daraja la Sabaki, mwanzo wa mwinuko: lori limesimama mbele yangu, nami nikasimama na gia ya tambarare. Kila nikisukuma, gurudumu la mbele linayumba, na nyuma kuna matatu inapiga honi. Nilishuka nikatembea hadi juu. Wewe unaingia mjini saa moja asubuhi, kati ya tuktuk na boda, unasimama pengine mara 20 kabla ya lango la shule, na begi la madaftari limening'inia nyuma. Jambo hili linazoeleka, ila linataka mwezi mzima wa kujifunza mahali patupu. Na pedali ikiwa mbele ya gurudumu dogo, ukikata kona kali polepole kisigino hugusa tairi. Kwenye mchanga, ambako ndiko unakohangaika na usukani kwa mwendo wa polepole, hilo hukuangusha.

Tumebaki na ya tairi tatu, na hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu naona ndiyo itakayokuwa yako kama itapita mitihani minne.

Wema wake unaujua kwa kuitazama: haianguki. Unaweza kupanda mwinuko kwa mwendo wa kobe, unaweza kusimama kabisa katikati, ukanywa maji, ukaendelea. Huna haja ya kutoa mguu chini. Kwa mwenye shingo na viganja vinavyouma hii ni rehema, maana unaacha kujikaza. Lakini sikudanganyi kuhusu mchanga. Katika baiskeli hizi zenye magurudumu mawili mbele, sehemu kubwa ya uzito wako inakaa mbele, kadiri ya theluthi mbili, na gurudumu linalosukuma ni lile moja la nyuma. Kwenye mchanga laini linazunguka pale pale na kujichimbia. Hutaanguka, ila hutakwenda.

Na hapa madaftari yako yanageuka msaada. Mzigo ule uliokuwa unakuelemea, ukiuweka kwenye karia juu ya gurudumu la nyuma, unalikandamiza chini na linapata pa kushika. Nimeona tofauti hiyo kwa jicho langu: mtu huyo huyo, njia hiyo hiyo, bila mzigo anakwama kila hatua 10, na ndoo ya maji ya lita 20 nyuma anapita. Ongeza na tairi pana nyuma, inchi 2 au zaidi kama fremu ina nafasi, na upunguze hewa unapofika mchangani, hadi psi 25 hivi kwenye kipimo cha pampu. Ukifika lami uijaze tena kwa pampu. Dakika tatu. Zaidi ya hapo, tazama njia yenyewe. Mchanga wako nadhani una alama mbili za magari na tuta katikati. Baiskeli hii ina upana wa sentimita 80 hivi, haifikii alama zote mbili. Gurudumu moja litakaa kwenye alama, jingine juu ya tuta, na utakwenda umeinama upande. Kama kuna kijia cha miguu kando, jaribu hicho: gurudumu la nyuma lipite kijiani, ya mbele yapite kwenye majani, ambako mchanga huwa umeshikwa na mizizi.

Basi mtihani wa kwanza ni huo. Mwombe muuzaji akuazime asubuhi moja, uibebe kwa pikapu hadi nyumbani, uijaribu pale kwenu kabla ya kuijaribu popote pengine. Weka madaftari nyuma. Ikikwama mara mbili tatu ukashuka ukaivuta, hilo linavumilika. Ikikwama njia nzima, kuna njia nyingine: mtafute jamaa au mwenye duka pale kwenye lami akulazie hiyo ya tairi tatu, na hiyo kilomita na nusu uitembee au uendelee kuipanda baiskeli yako ya zamani. Kuinama juu ya usukani dakika 10 si sawa na kuinama dakika 50. Hilo ulizungumze na daktari wako, naamini atakuelewa.

Mtihani wa pili ni wa kuinuka. Kiti cha tairi tatu kiko chini sana. Kabla hujaenda Casuarina, toa mbuzi yako ya kukunia nazi, ukae, uinuke bila kushika ukuta, mara 10. Mgongo ukikubali, kiti cha baiskeli hakitakushinda, kwa sababu vingi viko juu kuliko mbuzi. Ukilalamika mara ya tatu, jua kwamba utalalamika kila asubuhi.

Wa tatu ni wa miguu. Tandika mkeka, ukae sakafuni, mgongo na makalio yagote ukutani, miguu uinyooshe, uvae viatu utakavyopandia. Mtu akupimie kutoka ukutani hadi kwenye soli. Kipimo hicho ndicho namba yako, kinatumika zaidi kuliko urefu wa kusimama, maana kuna watu warefu wenye miguu mifupi. Peleka futi kwa muuzaji na upime kutoka pembe ya kiti, pale makalio yanapokutana na mgongo, hadi kwenye pedali ikiwa mbali kabisa. Bomba la mbele linaloshika pedali husogezwa ndani na nje. Linapokaa sawa, ukiweka kisigino kwenye pedali mguu unanyooka kabisa, na ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo. Kumbuka kwamba ukilisogeza bomba nje sentimita 1, cheni inadai sentimita 2, kwenda na kurudi. Kama wewe ni mfupi kuliko huyo mzungu utapunguza pingili za cheni. Kama ni mrefu utaongeza, na hizo hupatikana kwa mafundi wote.

Mtihani wa nne ni wa vipuri, na hapa usome maandishi madogo ubavuni mwa tairi. "Inchi 20" haitoshi. Kuna inchi 20 yenye namba 406, ambayo ndiyo ya baiskeli za watoto zilizojaa kila duka, na kuna nyingine yenye namba 451, ambayo hapa utaitafuta hadi uchoke. Inchi 16 vilevile, kuna 305 na kuna 349, hazivaliani. Ukiona 406 kwenye magurudumu yote matatu, nenda mbele. Kisha shika gurudumu la mbele kwa juu, ulitikise ndani na nje. Likicheza, beringi au viungo vya usukani vimekwisha, na ekseli za magurudumu hayo zimeshikwa upande mmoja tu, si za kuokota sokoni. Halafu chukua uzi, pima umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele kwa upande wa mbele, kisha kwa upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Vipimo viwe karibu sawa kabisa, vikitofautiana iwe milimita moja mbili. Magurudumu yasiyotazama njia moja hula tairi kama msasa, na utadhani ni ubaya wa tairi. Tazama pia breki. Kama ni zile za ngoma ndani ya kitovu cha gurudumu, kama wanazotengeneza Sturmey-Archer, furahi, kwa sababu mchanga hauingii kirahisi. Waya zote za breki na gia ubadilishe uweke zisizoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na kwenye tairi tatu kila mkono unashika breki ya gurudumu lake. Waya mmoja ukikwama, chombo kinavutwa upande.

Sasa jambo la hatari, nakuomba ulisome polepole. Kwenye tairi tatu, mguu ukiteleza kwenye pedali ukagusa ardhi wakati unakwenda, chombo hakisimami. Kinaendelea, mguu unavutwa chini ya fremu, na watu wamevunjika hivyo. Usiipande na ndara hata kwenda dukani. Vaa kiatu kilichofungwa, na pedali ziwe na mkanda wa kushika unyayo na kisigino. Fundi viatu yeyote atakushonea mkanda huo kwa ngozi au utepe wa begi, nusu saa tu.

Kuhusu buibui nilimuuliza binti yangu, maana yeye amenyonga tairi tatu hapa Malindi na mimi si wa kulisemea hilo. Anakwambia hivi: miguu iko juu na mbele, upepo unaingia chini ya nguo na kuipandisha, kwa hiyo suruali pana ndani ni lazima, na buibui liwe la kufunguka mbele, pindo zikunjwe zikaliwe chini ya mapaja. Usiache pindo lolote upande wa magurudumu ya mbele, yako karibu na mikono na yanakamata. Yeye hulivua kabisa, huvaa kanzu fupi na suruali, na buibui hulikunja kwenye begi akalivaa anapofika. Mtandio uufunge nyuma, usining'inie. Kiti chagua cha wavu, si cha gamba gumu. Kwa joto letu, gamba linakulowesha mgongo kabla hujafika Ganda.

Barabarani, madereva hukupa nafasi zaidi kuliko ulivyozoea, nadhani kwa sababu hawajui ni kitu gani. Lakini lazima wakuone kwanza. Funga ufito wenye bendera ya rangi kali, ifike kimo cha mtu aliyesimama, na taa nyekundu nyuma hata mchana. Kule ambako ukingo wa lami umekatika ukaacha ngazi, usishuke kuwapisha: kurudi juu ni kazi, na kugeuza ghafla kwa kasi huinua gurudumu la ndani. Ukikata kona ya haraka, lalia upande unaokata.

Nimeulizwa pia na watu wa Lamu kuhusu tairi tatu, na wao nimewakatalia. Vichochoro vya mji wa kale havina pa kupishana na punda aliyebeba mawe, sembuse sentimita 80 za chuma. Hapo mwenye faida ni miguu.

Kwa hiyo mimi nakushauri ya tairi tatu, ikifaulu mitihani yote minne. Ikifeli wa kuinuka au wa miguu, geukia ile fupi ya tairi mbili na ujipe mwezi wa likizo ya Agosti kujifunza kwenye uwanja wa shule. Ikifeli wa vipuri peke yake, punguza bei. Hesabu tairi tatu mpya, cheni tatu za kawaida za kuunga kuwa moja, na waya zote, uzitoe kwenye bei aliyoitaja. Anayehama ana haraka, wewe huna.

Na binti yako. Juu ya karia, hapana, ni chini mno, na miguu yake itakuwa karibu na spoki. Kuna vigari vya kukokota vinavyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, na tairi tatu huvikokota vizuri kwa kuwa haiyumbi. Lakini kwenye barabara ya Mombasa, pamoja na malori yale na ukingo ule uliokatika, mimi nisingemweka mjukuu wangu. Mpande naye kijiani, kutoka nyumbani hadi kwenye lami. Kutoka hapo apande matatu na wenzake, nawe utamkuta langoni.